Kisima cha Ummy

Karatasi ilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa ofisi ya mtaa wa Isenga, kule pembezoni mwa mji wa Tabora, ukishaiacha lami unaelekea Itetemia. Ilikuwa na kurasa tisa na mihuri miwili, na kurasa zenyewe zilibanwa pini moja juu, hivyo mtu akitaka kuusoma ukurasa wa nne sharti afunue kwa kidole na kuinamisha shingo. Nani ahangaike? Watu walitazama mihuri, wakasema haya bwana, wakaenda zao. Ndivyo mambo ya watu yanavyoamuliwa siku hizi, hadharani kabisa, mchana kweupe, na hakuna anayesoma.

Shaban Issa alisoma. Alikuwa fundi bati, mtengenezaji wa ndoo, karai na vikopo vya kupimia mchele, na alikwenda pale kufuata barua ya utambulisho tu. Alipofika ukurasa wa nne akaacha kuulizia barua. Akatoa simu, akapiga picha kurasa zote, akarudi nyumbani kwa miguu ya haraka.

Mama yake, Bi. Tatu, alikuwa barazani akipepeta mchele. Mkewe, Najiat, alikuwa anaosha mchele mwingine wa vitumbua vya kesho.

"Mama, wametunga sheria ya maji," Shaban alisema kabla hajakaa. "Kuna chombo kipya. Kinaitwa Chombo cha Maji cha Isenga. Wamekipa mamlaka juu ya maji yote kuanzia barabarani mpaka kule kwenye matanuri ya matofali."

"Maji gani? Hapa kuna maji gani zaidi ya kisima chetu?"

"Ndiyo hayo."

"Soma."

Shaban akasoma. Kifungu cha kumi na moja kilisema kila chanzo cha maji kilichomo ndani ya mipaka ya Chombo kitasajiliwa kwa jina la mmiliki wake ndani ya siku kumi na nne, na chanzo kisicho na mmiliki kitakuwa mali ya Chombo. Kifungu cha kumi na mbili kilisema mmiliki wa kisima binafsi atakitumia kwa mahitaji ya kaya yake tu, wala hataruhusiwa kuuza au kugawa maji kwa kaya nyingine. Cha kumi na tatu kilikuwa cha faini na kifungo.

"Hebu rudia hapo," alisema Najiat, mikono ikiwa ndani ya sufuria. "Kuuza nimesikia. Na kugawa pia?"

"Na kugawa pia."

"Loo! Yaani mtu akija na kikombe nimfukuze?"

Bi. Tatu aliweka ungo chini. Kisima kile kilikuwa hatua sita nje ya ua wao, kimejengewa kwa mawe, kina mfuniko wa zege na mlango mdogo wa chuma. Mumewe, marehemu Mzee Issa, alikichimba mwaka ule binti yao Ummy, mtoto wa miaka minane, alipotumbukia akichota maji kwenye shimo la wafyatua matofali, akatolewa amekufa. Kilipomalizika, Mzee Issa alisimama mbele ya mashahidi wawili akakiweka wakfu kwa ajili ya roho ya mtoto: kila atakayekunywa, thawabu zimwendee Ummy. Kisha akaung'oa ua wake mwenyewe akaurudisha nyuma, ili mtu anayekuja kuchota asilazimike kupiga hodi. Tangu siku hiyo watu wa nyumba ile hawakupata hata senti ya kisima kile, na walipokwenda kuchota walisimama kwenye foleni kama wengine.

"Mama, tukisajili kwa jina langu kinabaki," Shaban alisema. "Kiwanja ni cha baba. Bikoni ya mpaka ile pale, kisima kimo ndani. Hawawezi kutugusa."

"Kinabaki kwa nani?"

"Kwetu."

"Na Gaudensia?"

Gaudensia alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya njia, mjane mwenye watoto watano, mfuaji wa nguo za watu. Shaban alikuna shingo.

"Mama, nikisema sisajili, tunakosa sisi na Gaudensia wote. Nikisajili, angalau tunapata sisi. Hesabu yake ni hiyo, sikuitunga mimi."

"Basi usinihesabie," alisema Bi. Tatu, akauchukua ungo wake akaingia ndani.

*

Siku tisa zilipita katika kuzungumza. Shaban alikwenda kwa Sheikh Abdulatifu wa msikiti wao, naye akamuuliza hati ya wakfu iko wapi. Hati hakuna. Mashahidi je? Wote wawili wameshazikwa. Sheikh akashika tama. Akasema wakfu unafungamana kwa kauli, hilo halina ubishi kwenye dini, lakini serikali inataka karatasi, na kuitafuta karatasi hiyo sasa ni kazi ya miezi.

"Wao wametoa siku kumi na nne, Sheikh."

"Nendeni mkaseme ukweli," Sheikh alisema. "Hao nao ni binadamu, wataelewa."

Maneno mepesi hayo! Kwa mtu ambaye bomba lake liko uani kwake, ni mepesi sana.

Gaudensia naye alikuja siku ya kumi, hakukaa. Alisimama mlangoni akizungusha kanga yake vidoleni.

"Shikamoo, Bi. Tatu. Nimesikia kisima kinaandikwa jina la Shaban."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Mtaani wanasema. Mimi sina ubaya na Shaban, ni mwanangu. Nauliza tu. Kikiwa cha Shaban, sisi tutachota wapi? Sheria inasema akitupa maji anafungwa."

"Gaudensia, kisima kile kina jina la Shaban?"

"Hapana."

"Basi nenda kafue nguo zako."

Ukweli ni kwamba Shaban alikuwa ameshaijaza fomu ya usajili. Aliijaza kwa kalamu nyeusi, kwa mwandiko wa shule, na kilichobaki ni sahihi moja tu, ya mjane, kwa kuwa mirathi ya Mzee Issa haikuwahi kufunguliwa. Alimwambia mama yake wanakwenda kuandikisha kisima. Hakumwambia kwa jina la nani. Nasema wazi kwamba hapo alikosea, na alijua anakosea, maana njia nzima alikuwa anajifuta jasho asubuhi ya baridi.

Karani wa Chombo waliyemkuta ofisini aliitwa Nikolaus, kijana mpole wa Igunga, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Aliwaamkia vizuri. Akampa Bi. Tatu kiti chake mwenyewe.

"Bibi, utatia sahihi hapa tu, kazi imekwisha."

"Nisomee kwanza."

"Mama, nimeshaisoma mimi," Shaban alisema.

"Sikukuuliza wewe. Nisomee, mwanangu."

Nikolaus akasoma. Mahali kilipo, kina, mwaka kilipochimbwa. Kisha akafika: "Jina la mmiliki, Shaban Issa Kitwana."

"Futa," alisema Bi. Tatu.

Watu waliokuwa kwenye benchi waligeuka. Shaban alihisi masikio yanawaka.

"Mama, jamani. Tuzungumze nje."

"Tuzungumze nini nje? Unataka nitie sahihi kwamba dada yako hana chake? Baba yako alitoa mali yake kwa Mungu, akatoka mikono mitupu. Leo wewe umchukulie Mungu, na mimi niwe shahidi? Futa, karani."

Nikolaus alimtazama Shaban, Shaban akatazama sakafu. Basi akafuta, kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Sasa Bibi, niandike nani? Kisima ni cha nani?"

"Hakina mwenyewe. Ni cha Mwenyezi Mungu."

Kalamu ya Nikolaus ilisimama. Tusimwonee kijana wa watu, alijaribu. "Bibi, naomba unisikilize. Ukisema hakina mmiliki, kuna kifungu cha kumi na moja. Mimi hapa sina sehemu ya kuandika Mungu. Kuna mtu, taasisi au hakina. Ni hayo matatu tu."

"Wewe unaogopa kuandika Mungu?"

"Siogopi, Bibi. Nafasi hakuna."

"Andika nilivyosema."

Akaandika: *Hakina*.

Bi. Tatu akavuta fomu, akatia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kutoka kulia, kama alivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani alipokuwa msichana. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na ulimpa fahari mpaka uzee ule. Nikolaus akaugeuza huku na huku.

"Samahani, Bibi. Hii hawataipokea. Weka dole gumba."

"Hilo ni jina langu."

"Najua, Bibi. Ila hawawezi kuisoma."

Akapakwa wino. Mwanamke aliyehitimisha msahafu akiwa na miaka kumi na mbili akabonyeza dole gumba mbele ya benchi zima, akajifutia kwenye gazeti. Lakini alitoka pale kichwa juu. Alipofika mtaani alisimama kwa Gaudensia akamwambia, "Nimekwisha kuwaambia ni cha Mungu. Tuone nani atathubutu." Wanawake wakampigia vigelegele. Mimi nakwambia, siku ile Isenga nzima iliamini kisima kimeokoka, isipokuwa watu wawili: Shaban, aliyekuwa nyuma ya nyumba anagonga bati kwa hasira, na Nikolaus, aliyeigonga fomu mhuri akaiweka kwenye faili.

*

Wakaja wiki ya tatu. Mafundi wanne, pikipiki ya miguu mitatu imebeba pampu, tangi la plastiki la lita elfu tano, na Bwana Masolwa, mwenyekiti wa Chombo, mtu mnene mwenye kuongea kwa upole mno. Walivunja mfuniko wa zege wa Mzee Issa kwa nyundo. Bi. Tatu alitoka ndani bila ushungi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mnafanya nini? Hiki ni kisima cha wakfu!"

"Shikamoo, mama," alisema Masolwa. "Tunajua. Na tunakushukuru sana."

"Mnanishukuru kwa lipi?"

Masolwa akafungua faili, akaitoa fomu. "Si wewe mwenyewe uliyesema hakina mwenyewe? Dole gumba lako hili hapa. Chombo kimekipokea kwa niaba ya wananchi. Maji sasa yatatiwa dawa, yatapimwa, kila mtu atachota kwa zamu. Ndoo shilingi hamsini. Hamsini si pesa, mama."

Bi. Tatu aliitazama alama ya kidole chake kwenye ile karatasi. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye mchanga, na Najiat akaja mbio akamfunika kanga yake kichwani.

Shaban hakusema "nilikwambia." Afadhali angesema. Alimpita mama yake siku tatu mfululizo bila salamu, na siku ya nne akamwamkia kwa sauti ndogo kama mgeni.

Baya zaidi lilikuwa bado. Masolwa alirudi akiwa na Nikolaus, akaomba kuzungumza na Najiat. Kioski cha kuuzia maji walichojenga pale kisimani kilitaka mhudumu, mtu anayekaa karibu, mwaminifu, anayejua kuandika. Mshahara laki moja na ishirini kwa mwezi. Ndoo alizoandika zikipungua kuliko dira ya maji inavyosoma, anakatwa.

"Kataa," Shaban alisema walipobaki wenyewe.

"Nikatae, halafu?"

"Najiat, ni kisima cha dada yangu."

"Nami nilimkuta keshakufa, Mungu amrehemu, lakini wanangu wako hai. Kuosha mchele, kuloweka, kusaga, kuosha vyombo, vitumbua vinakula ndoo nane kwa siku. Nitanunua ndoo nane niuze vitumbua nipate nini? Na ndoo zako nani anazinunua siku hizi, wakati za plastiki zimejaa sokoni? Niambie nikatae, lakini uniambie na tutakula nini."

Najiat alianza kazi Jumamosi. Bi. Tatu alisikia kufuli la kioski likifunguliwa kwa mara ya kwanza na mkono wa mkamwanawe, naye alikuwa amekaa chumbani kwake, tasbihi mkononi, hazungushi.

*

Siku ya kwanza foleni ilikuwa fupi. Gaudensia alikuja na ndoo nne, akalipia mbili, akarudi na mbili tupu. Wengine walikwenda kwenye lile shimo la wafyatua matofali, lile lile, wakawatuma watoto wao. Bi. Tatu aliwaona kutoka barazani, vitoto vya miaka saba na minane na vidumu mkononi, vikiteremka.

Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza kioskini. Alikuwa ameshika boksi la bati ambalo mumewe alimtengenezea zamani. Najiat alilijua boksi lile. Watu wote wa nyumba ile walilijua, wala hawakuligusa hata walipokuwa na njaa. Ndani mlikuwa na pesa za kumzikia Bi. Tatu.

"Ndoo hamsini za kwanza leo ni zangu," alisema Bi. Tatu. Akahesabu elfu mbili na mia tano juu ya kibao. "Mtu asiulizwe kitu. Aje achote aende."

"Mama…"

"Najiat, wewe ni mwuzaji. Mimi nanunua. Shida iko wapi?"

Najiat akaandika ndoo hamsini. Daftari lilikuwa na safu ya jina la mlipaji, akataka kuijaza, kisha akaiacha wazi.

Ikawa hivyo kila siku. Mwanzoni watu walichota kwa aibu, wakimwombea Mungu bibi wa watu. Wiki ya pili aibu ikaisha. Wakaanza kuwahi alfajiri kugombea zile hamsini, wakasukumana, mwanamke mmoja akamchania mwenzake gauni. Mwenye genge akaleta mkokoteni wa madumu kumi. Kisima kilipokuwa bure kwa wote, hakuna aliyewahi kupigana pale, maana ndoo ya mwenzako haikupunguza yako. Bi. Tatu alisimama kando akiwatazama. Shaban alikuja akamshika mkono.

"Mama, basi. Wanakula pesa zako na hawakuheshimu."

"Hazikuwa za heshima."

"Ukifa tutakuzika na nini?"

"Mtaazima," alisema, akamwondolea mkono wake. Ilikuwa mara ya kwanza wanazungumza kwa wiki tatu, na Shaban alirudi kwenye bati lake akalia kama mtoto. Hakuna aliyemsikia kwa sababu alikuwa anagonga nyundo.

Mwisho wa mwezi Nikolaus alikuja kukagua. Akapitisha kidole kwenye safu tupu.

"Dada Najiat, hapa kuna ndoo elfu moja na mia tano hazina jina. Pesa zipo, sawa, lakini mwenyekiti atasema ni ndoo hewa. Lazima uandike mtu."

"Na kama hataki kuandikwa?"

"Basi usimuuzie," alisema, kisha akaona haya kwa alichokisema. "Kanuni ndiyo inasema hivyo, dada. Si mimi."

*

Siku ya thelathini na moja Bi. Tatu alichelewa. Foleni ilikuwa imefika njiani. Gaudensia alikuwa wa kwanza, amekaa juu ya ndoo yake. Watu walikuwa wameshika vidumu vyao hawavisogezi, wanangoja wajue kama leo ni ya kulipa.

Alipokuja hakuwa na boksi. Alikuwa na furushi la gazeti la zamani limefungwa kwa uzi, na harufu ya karafuu maiti ilimtangulia. Akalifungua juu ya kibao. Kitambaa cheupe, bafta, kimekunjwa vizuri, kimekaa sandukuni kwake miaka kumi na mmoja.

Gaudensia akasimama.

"Hii ni ndoo ngapi?" aliuliza Bi. Tatu.

"Mama, irudishe ndani. Nakuomba. Nitalipa mimi, nina mshahara wangu."

"Mshahara wako ni wa watoto. Nimekuuliza hii ni ndoo ngapi."

Najiat alikuwa analia, na kwa sababu alikuwa analia akasema la kwanza lililomjia. "Mia nne."

"Usinipunje." Bi. Tatu aliugonga ukingo wa kitambaa kwa kidole. "Nimeshona miaka arobaini, utanifundisha bei ya bafta? Mita kumi na mbili hizo. Mita moja elfu mbili. Ni ndoo mia nne na themanini. Na uipeleke kweli sokoni ukaiuze, usije ukanirudishia sandukuni kwa kuzungukia nyuma. Nakujua wewe."

"Watu watasema nini, Mama? Watasema tumeuza sanda yako."

"Waseme wakishakunywa maji."

Gaudensia alisogea, akaichukua ndoo yake tupu. "Bi. Tatu, mimi sichoti," alisema. "Wallahi sichoti maji ya hiyo."

"Wewe Mkristo unaapa wallahi tangu lini?" Bi. Tatu alimwambia. Kisha akamshika mkono. "Chota, Gaudensia. Usinikatalie. Jana nimemwona mwanao wa mwisho anateremka kule shimoni."

Gaudensia akaiweka ndoo chini ya bomba.

Najiat akajifuta macho kwa kiganja, akafungua daftari, akaandika tarehe, akaandika 480. Kalamu ikafika kwenye safu ile nyingine.

"Mama, safari hii wanataka jina. La sivyo hawatakubali. Niandike jina la nani?"

Bi. Tatu alitazama dirisha dogo la kioski, na nyuma yake tangi la plastiki, na chini ya tangi mawe ya mumewe, ambayo hawakuyavunja yote.

"Hapo kuna nafasi?"

"Ipo."

"Andika Ummy Issa."

Najiat akaandika, akafungua bomba.